Njia ya Barafu ya Niuwan

Hongliu, 12 Desemba 1981

Kaka Shuanzhu,

Nakusalimu wewe na Wifi Gaixiu, na Mama umsalimie kabla hujakaa chini kusoma, maana najua utaanza kusoma ukiwa umesimama mlangoni na viatu vyenye theluji. Huku hatujambo, tukiacha mafua. Wancai bado yuko kwenye kinu cha unga, kila jioni anarudi mweupe mpaka kope, na mtoto mdogo humkimbia. Mkubwa amejua kuandika jina lake na ameliandika kila mahali pasipotakiwa. Ile kofia aliyoshonewa na Wifi ameipoteza, ila anaapa kuwa imeibwa na upepo.

Miguu ya Mama ikoje? Mwaka jana wakati kama huu ilikuwa inamvimba. Nimemwekea kitambaa cha pamba, cheusi chenye maua madogo, nitampa mtu wa kuja huko.

Sasa lililonikalisha chini. Mto umefunga mapema, na umefunga vibaya. Siku ile mapande ya barafu yalipandana, yakasimama wima, maji yakakosa njia, yakapanda hadi nusu ya tuta letu. Na huo ulikuwa mwanzo tu wa baridi. Mimi ndiye ninayetoboa barafu kwa ajili ya kituo cha kupima mto kila asubuhi, na sijawahi kutoboa unene huu katika mwezi huu. Kwa hiyo ofisi ya mto imeamua kuwa mwaka huu njia za barafu zisinenepeshwe, kuanzia hapa mpaka huko kwenu chini. Watu wavuke juu ya barafu ya mto wenyewe. Wasitandaze majani makavu wala kuyamwagia maji ili yagande.

Tangazo litaletwa kwa kamati ya kijiji, lakini naijua kamati yenu, tangazo watalisokotea tumbaku. Ndiyo maana nakuandikia wewe. Njia ya Niuwan ni yako kama ilivyokuwa ya Baba, na bila wewe hakuna hapo anayejua hata pa kuanzia kutandaza. Sikuombi kila mwaka. Mwaka huu tu, kaka.

Mdogo wako,
Yinlian

*

Niuwan, 3 Januari 1982

Mdogo wangu Yinlian,

Barua yako imekawia njiani. Tarishi alianguka na baiskeli yake kwenye barafu, akakaa kwa shemeji yake akiuguza goti. Wengine wanasema alikuwa anauguza chupa. Hata hivyo imefika, na tumefurahi kusikia kuwa mnapumua. Sisi tuko kama tulivyo. Tumechinja nguruwe, Gaixiu amekuwekea mafuta kwenye gudulia, na kofia nyingine inashonwa. Mwambie mwenye kofia kuwa mjomba wake anasema siku upepo ukiiba kichwa, kichwa hatushoni.

Mama hajambo. Anakula. Anakusalimu. Kuhusu kitambaa anasema ahsante, ila umpe mtu atakayekivaa muda mrefu.

Kuhusu njia, majani yalishatandazwa kabla barua yako haijafika. Ulitaka nifanye nini, niyaokote moja moja? Watu wa ofisi yenu makaa yao yanaletwa na lori hadi mlangoni. Yetu yako ng'ambo, yanakuja kwa mkokoteni wa punda. Barafu ya mto wenyewe inabeba mtu, lakini mkokoteni haiubebi, na wewe unalijua hilo maana ulimwona punda wa Lao Kou akizama mpaka masikio. Acha nione. Baridi ikipungua nitaongea na vijana.

Mbao za jeneza la Mama nimezitoa nje zipate hewa, nimezipaka rangi upya. Usishtuke, ni kazi ya kila miaka michache, na rangi ilikuwa imebanduka.

Juzi nilivuka nikafagia theluji kaburini kwa Baba. Nilikumbuka neno la Mama, kwamba sisi hatukuhama, mto ndio uliohama. Walimzika nyuma ya nyumba, hatua chache kutoka zizi la mbuzi, na leo yuko ng'ambo ya maji mapana. Mto ulipopita katikati yake na sisi haukubisha hodi. Bi Ding naye bado anaishi palepale karibu na makaburi, peke yake na kuku wake, na bado ana kinyongo na Mama kwa ajili ya mbuzi wetu aliyekula kabichi zake, kabla hata wewe hujaolewa. Aliniuliza, "Yule bado yupo?" Nikamwambia yupo. Akasema, "Basi mwambie bado nangoja radhi yangu."

Msalimie shemeji.

Kaka yako,
Shuanzhu

*

Hongliu, 29 Januari 1982

Kaka,

Mwaka mpya wa kalenda ya mwezi umeingia na mmetuacha tumekaa mezani na viti vitupu. Tulitandika meza, tukapika maandazi ya nyama, mkubwa akasimama njiani mpaka pua ikawa nyekundu kama pilipili akimngoja bibi yake. Kila mwaka Mama huja kwetu siku ya pili ya mwaka mpya, kwa mkokoteni, akilalamika kuanzia huko hadi hapa. Mwaka huu hakuja na hamkutuma neno. Wancai anasema ni theluji. Huwa anasema vitu vya kunituliza.

Jana alikuja muuza maharage kutoka kwenu. Sikumuuliza kitu, nilinunua maharage tu, mdomo wake ukafunguka wenyewe. Anasema njia ya Niuwan mwaka huu imenenepa mara mbili ya miaka yote. Anasema watu walishaacha kuimwagilia, makaa yalishavushwa yote, lakini wewe peke yako unatoka na ndoo kila jua likizama, unamwaga, unarudi, unamwaga. Anasema wanakucheka, wanakuita mtunza bustani.

Nakueleza kama ninavyowaeleza watoto, na usikasirike. Mto wetu unatiririka kuelekea kaskazini kwenye baridi zaidi, kwa hiyo huko juu kusini kwenye joto unafunguka kwanza, na huku bado umefunga. Barafu ya juu inavunjika, inakuja kwa kishindo. Ikikuta barafu ya chini imelegea, inapita nayo, na tunasema mto umefunguka kwa upole. Ikikuta mahali pagumu, inasimama. Pande linakaa juu ya pande, mto unazibwa kama kwa kizibo, na maji yanarudi nyuma. Njia yako ndiyo patakuwa pagumu, Shuanzhu. Ina majani ndani, itakuwa ya mwisho kuyeyuka katika mto mzima. Na nyuma yake ni Hongliu. Nyumba yangu iko chini ya tuta, kitanda cha wanangu kiko chini kuliko maji ya mto. Wazee wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta, ila ufa huu ukipasuka hakutakuwa na wa kujenga.

Kwa hiyo nakuuliza wewe, siyo kamati. Makaa yameshavuka. Unamwagilia nini?

Na Mama ana nini?

Yinlian

*

Niuwan, 17 Februari 1982

Yinlian,

Salamu. Kuku wazima, punda mzima, Gaixiu ana kikohozi. Nimeianza barua hii mara tatu.

Mficha maradhi kifo humuumbua, basi na kituumbue. Mama hamezi. Ilianza na theluji ya kwanza, chakula kikawa kinakwama kifuani, sasa hata uji wa mtama anakunywa vijiko viwili na kuusukuma mkono wa Gaixiu. Daktari wa tarafa alikuja, akamgusa hapa na pale, akaniita nje kwenye zizi, akasema ngano ya masika hataiona ikipandwa. Mama alijua kabla yake. Alitukataza kukuandikia. Alisema, "Yule ana kazi ya serikali na watoto wadogo, akija atalia, na mimi sina nguvu za kumbembeleza mtu." Basi nikakuandikia kuwa anakula. Hasira zako nitazipokea, ni haki yako.

Ulikuwepo Baba alipokufa? Ulikuwepo, ulikuwa umeshika sketi ya Mama. Basi ulimsikia Mama akimwambia, "Tangulia, nitakuja nilale kushoto kwako." Mahali pake pameachwa. Mimi ni mtoto wa kiume wa pekee. Kazi ambayo dunia inanidai ni moja, kumfikisha pale.

Na nitamfikisha vipi? Wenye boti hawapandishi maiti, unawajua, hata ukiwapigia magoti. Na mto ukishaanza kufunguka hakuna boti wala barafu, ni mapande yanayotembea, nusu mwezi au zaidi. Daraja liko mbali kiasi kwamba jeneza litapita vijiji vya watu, na hakuna kijiji kitakachokubali. Njia ya Mama ni barafu. Kwa hiyo namwagilia. Wakinicheka na wacheke. Kila jioni naangalia kama jana ilipungua, naongeza. Yeye anapungua, mimi naongeza.

Wewe unaniambia niibomoe. Umeolewa Hongliu, damu yako sasa iko Hongliu, sikulaumu. Lakini usinifundishe mto kama mtoto. Mwaka mto ulipofunguka kwa vita na kuchukua nyumba za Lao Kou, nilikuwa nimesimama juu ya paa. Najua maji yanarudi wapi.

Labda atatangulia kabla ya mto. Angalia nilipofika, mtu anakaa anahesabu pumzi za mama yake akitamani ziwahi. Usiku silali.

Shuanzhu

*

Hongliu, 25 Februari 1982

Kaka yangu,

Sina salamu za kupamba leo. Nimelia mpaka Wancai akawapeleka watoto kwa jirani. Halafu nikanawa uso nikaenda kutoboa barafu, maana ni zamu yangu na hakuna mwingine.

Nimeomba ruhusa nije. Wamekataa. Kuanzia sasa mpaka mto ufunguke hakuna wa kituo anayeondoka, hata mwenye msiba. Mkuu wetu mwenyewe mkewe anatarajia kujifungua wakati wowote na analala ofisini. Nimesimama mbele ya meza yake nikamwambia mama yangu anakufa, akavua miwani akaifuta, akasema, "Yinlian, wa kwangu nani atamwambia asijifungue?" Nikatoka.

Kaka, nisikilize bila kuitupa karatasi. Azikwe huko upande wenu kwa muda. Watu wengi wanafanya hivyo. Mto ukitulia, mwakani ukifunga, tunamfukua kwa heshima yote tunamvusha. Nitakuja mimi mwenyewe nibebe.

Siwezi kukuficha lingine. Machi tarehe kumi watakuja askari wa baruti. Wanaanzia hapa wanashuka, kila njia iliyonenepeshwa italipuliwa. Niuwan iko kwenye ramani yao. Usiniulize imefikaje kwenye ramani.

Sijui nikuombe nini. Nikisema subiri, naona kitanda cha wanangu. Nikisema bomoa, namwona Mama. Nikiwa pale katikati ya mto na ule mtalimbo mkononi husikia maji chini ya miguu, yanapita tu, hayajui jina la mtu. Nauchukia mto huu, nimeshaandika, basi.

Usimsomee Mama barua hii.

Yinlian

*

Niuwan, 12 Machi 1982

Yinlian,

Mimi sikumsomea. Gaixiu ndiye aliyemsomea.

Nilikuwa zizini. Unajua wifi yako alisoma lile darasa la jioni la akina mama, akajua herufi, na tangu hapo hakuna karatasi inayolala katika nyumba hii. Nilipoingia nilimkuta ameketi kwenye ukingo wa kitanda, barua mapajani, na Mama ameegemezwa ukutani, macho makavu, ananitazama kama siku ile nilipouza jogoo wake.

"Shuanzhu," akaniita. "Yinlian analala wapi?"

"Chini ya tuta, Mama. Unapajua."

"Na maji yakizuiwa hapa kwetu yanakwenda wapi?"

Nikageuka kutundika kofia ukutani.

"Nimekuuliza wewe, sikuuliza ukuta."

"Yanarudi Hongliu."

"Kwa hiyo tangu mwaka mpya unamwagilia mto kama mtu anayemwagilia vitunguu, unangoja nife, na wajukuu zangu ndio watakaokunywa hayo maji. Na nisipokufa? Utamwagilia mpaka lini, mpaka nikuzike mimi?"

Gaixiu akacheka, kisha akajifunika uso na aproni. Nikamwambia lile wazo lako, azikwe huku kwa muda. Akasema, "Mimi si kiazi, nizikwe, nifukuliwe, nizikwe tena. Nivushe sasa."

"Sasa uko hai, Mama."

"Ndiyo vizuri. Nikiwa nimekufa nitajuaje kama umenifikisha?"

"Ukakae kwa nani huko?"

"Kuna nyumba moja tu," akasema. "Ding atakufa kwa furaha kabla yangu."

Tukamvusha asubuhi ya tarehe nane. Nilimlaza kwenye kitelezi, ule ubao wa kuvutwa juu ya barafu, juu ya magodoro mawili, mablanketi mpaka kidevuni, na vijana wanne wakavuta jeneza nyuma yetu kwa mkokoteni. Kijiji kizima kilisimama ukingoni, hakuna aliyejua kama anapaswa kulia au kupunga mkono, maana mtu alikuwa anakwenda kaburini huku anawaangalia. Katikati ya mto aligeuza shingo akaliona jeneza linamfuata. Akasema, "Leo nyumba inamfuata mwenye nyumba." Vijana wale hawakucheka. Mimi nilitazama kamba tu nikavuta.

Bi Ding alikuwa amesimama mlangoni, mikono ndani ya mikono ya koti. Hakusogea. Akasema, "Umekuja kwa ajili ya kabichi?"

Mama akasema, "Nimekuja kufa."

"Basi ingia. Ukifia mlangoni nitashindwa kuufungua."

Alishampashia kitanda moto. Sijui nani alikuwa amempa habari.

Mama hakuniacha nikae hata nimalize kikombe. Alisema, "Rudi ukakate. Ukimaliza, uje." Nikakuta kumbe nguo zake za kuzikiwa zimebaki kwa Gaixiu, koti la juu lilikuwa bado mishono ya kola. Nikasema sawa, nitakata na kuacha ukanda mwembamba upande wa juu, wa kupita mimi, nirudi na zile nguo, halafu tuumalizie ukanda kutoka ng'ambo. Barafu kwingine ilikuwa imeshaoza, inatoa jasho, mguu unazama. Ni njia yetu tu iliyokuwa bado inabeba.

Tukakata siku mbili, kijiji kizima, mashoka na misumeno. Ile barafu yenye majani haikatiki, Yinlian, inanyumbuka kama godoro. Tulimwaga majivu yote ya majiko ili jua lisaidie. Askari wako walipofika tarehe kumi walikuta maji meusi yanaonekana, wakanywa chai, wakausifu ukingo, wakaenda zao. Nani aliwaonyesha Niuwan sikuulizi, uliniomba.

Alasiri ile Gaixiu alikata uzi wa mwisho. Nikafunga zile nguo mgongoni nikashuka mtoni. Ukanda haukuwepo. Haukuvunjika kwa kelele, ulikuwa umezama tu, na majani yanaelea. Tulikuwa tumekata vizuri mno.

Naona nyumba ya Bi Ding kutoka hapa. Naona moshi. Kila asubuhi natoka kuangalia kama unatoka.

Shuanzhu

*

Hongliu, 22 Machi 1982

Kaka,

Barua yako niliipata siku moja kabla ya mto, na sikuweza kujibu. Naandika nikiwa nimeketi juu ya mzigo wa nguo zetu, tulikuwa tumefungasha kila kitu.

Mto umefunguka. Ilianza alfajiri, ule mlio ambao unaujua, halafu barafu ya juu ikaja yote kwa pamoja. Hapa kwetu ilisimama. Maji yakapanda tuta, yakafika ngazi ya tatu kutoka juu, na wanawake walianza kubeba watoto kwenda kilima cha matofali. Nilikuwa tutani na bango la vipimo. Nilikuwa naangalia upande wenu, si kwa macho maana huwezi kuona, lakini nilikuwa najua kwamba jibu liko huko. Kukiwa na kizibo Niuwan, hapa tumekwisha. Wanangu walikuwa kilimani na Wancai. Nikasimama tu. Halafu barafu ikatikisika, ikaanza kuteleza, ikaondoka. Maji yakashuka mbele ya macho yangu. Ikapita kwenu bila kugusa kitu.

Leo mji mzima unakula samaki wa kwanza wa mto uliofunguka, wanachoma barabarani, wanapiga matarumbeta. Mkuu wa kituo amepata mtoto wa kike. Watu wananipa samaki, wananiambia hongera, na hakuna anayejua wanapongeza nini. Nimewapokea nikawaweka ndani, sijala.

Nitakuambia sasa. Mimi ndiye niliyeandika Niuwan kwenye ile orodha iliyochorewa ramani ya askari wa baruti. Niliandika Januari, jioni ileile aliyokuja muuza maharage, kabla sijajua kuhusu Mama. Baada ya kujua ningeweza kuifuta. Kalamu nilikuwa nayo. Sikuifuta. Nadhani hata leo nisingeifuta, na hilo ndilo linaloniuma.

Niambie Mama yukoje. Niambie kwamba boti zimeanza na umefika. Sijapata simu ya maandishi, na nimejiambia kuwa kutokuwa na simu ni habari njema.

Yinlian

*

Niuwan, 3 Aprili 1982

Yinlian,

Salamu kwa shemeji na watoto. Gaixiu amepona kikohozi.

Mto ulifunguka hapa tarehe ishirini, ukapita kwa upole, barafu ikatembea siku nzima kama kondoo wanaokwenda malishoni. Watu walikuja kunishika mkono. Kesho yake asubuhi nilitoka kuangalia moshi. Moshi ulikuwepo, lakini kwenye lango la Bi Ding palikuwa na kitambaa cheupe cha msiba.

Katikati palikuwa na mapande yanayopita, mtu asingeweza kuweka hata ubao. Nilipiga kelele. Upepo ulikuwa unatoka kwao kuja kwangu, kwa hiyo mimi niliwasikia, wao hawakunisikia. Niliwaona siku ya tatu wakimtoa. Bi Ding alikuwa ameazima mpwa wake atembee mbele ya jeneza na fimbo ya mfiwa, kwa sababu lazima atembee mtoto wa kiume. Nilimwona mtoto wa kiume wa mama yangu akitembea, naye si mimi. Basi nilipoona wameliinua, nikapiga magoti kwenye matope ya ukingo, nikainua bakuli la udongo juu ya kichwa kama anavyotakiwa kufanya mwana, nikalivunja huku. Sijui kama upande wa pili kuna aliyelivunja. Gaixiu alichoma nguo zile hapohapo ili zimfikie, koti na kola yake. Moshi wake ulielekea kwetu, haukuvuka.

Boti ya kwanza ilivuka juzi. Nilipofika udongo ulikuwa umeshakauka. Amelala kushoto kwa Baba, sawasawa. Bi Ding aliniambia kuwa alimzika na nguo zake yeye mwenyewe za kuzikiwa, alizojishonea kwa miaka, hariri ya bluu. Nikamwambia nitamletea nyingine. Akasema, "Mimi nitavaa nini si kazi yako. Uliza ulichokuja kuuliza."

Nikauliza alikufaje. Alisema Mama hakuwa anauliza habari zangu, alijua niko upande wa pili na mzima. Alikuwa anauliza mto. Kila asubuhi anauliza, umefunguka? Siku ulipofunguka aliusikia mwenyewe, akamshika Bi Ding mkono. Akasema, "Hongliu je?" Bi Ding hajui kudanganya, hata mara moja, ndiyo sababu hana marafiki. Akamwambia, "Sijui." Mama akauliza tena jioni, na usiku tena. Hongliu je, Hongliu je. Bi Ding akatoka akasimama ukingoni kana kwamba angeona kitu kutoka kule. Aliporudi Mama alikuwa ameshakwenda.

Barua yako iliyosema maji yaliishia ngazi ya tatu niliipata nikitoka kwenye boti, nimesharudi. Jana nilivuka nayo tena, nikasimama pale kaburini, nikaitoa. Sikuweza kuisoma. Nilifika penye kalamu na orodha, nikaikunja. Nina hasira bado, Yinlian, na sijui itakwisha lini, na sitaki kumwambia habari njema kwa sauti yenye hasira.

Boti zinavuka kila siku sasa. Njoo. Usipitie kwangu kama huwezi, panda boti moja kwa moja. Kaburi la kushoto. Mwambie wewe.

Shuanzhu